Daki Tatu Chini ya Kitenge

Nikiwa kidato cha tatu nilikuwa na cheo kimoja tu duniani: Masikio. Nilijipa mwenyewe, kwenye kibanda cha dada yangu pale Mwanga, njia ya Ujiji, alikouza kava za simu, chaja na hedifoni. Nikitoka shule nilipitia hapo na sare yangu, na wenzangu watatu nyuma, tukakaa kwenye benchi kuwasumbua wateja.

Kwa asiyejua: simu haina muziki ndani, ina namba. Daki ni kidude unachochomeka kwenye tundu la chaja, kinazigeuza zile namba kuwa sauti, halafu hedifoni unaichomeka upande wa pili. Daki ikiwa mbovu, kwaya ya watu arobaini inatoka kama watu arobaini waliofungiwa kwenye pipa.

Dada alikuwa nazo tatu. Moja nyeupe, fupi, imekaa kama kitu cha bure. Moja nyeusi ya chuma. Ya tatu ya dhahabu, ina taa ya buluu, tukaiita Bibi Harusi. Kila mteja alimtaka Bibi Harusi kwa sababu alipiga kelele kuwashinda wenzake. Lakini ukipunguza sauti mpaka zote zilingane, Bibi Harusi alikuwa anakoroma kwa nyuma kama jenereta ya jirani, na ile nyeupe ndiyo iliyokuwa safi. Hilo nililijua mimi peke yangu, na lilinipa kiburi kisicho na kipimo.

Ndipo nikabuni mtihani. Daki zote chini ya kitenge, simu ya dada katikati, mteja kavaa hedifoni. Mimi nabadilisha, nataja namba, yeye anachagua bila kuona. Mwalimu wetu wa fizikia, mtu wa kuja anayetuona sote wavua dagaa, alichagua ile nyeupe akatangaza, "Hii ndiyo ya dhahabu. Anayejua anajua." Nikafunua kitenge. Benchi zima lilianguka kwa kicheko. Jumatatu nilichapwa kwa kosa la kufuga nywele, na sikujuta hata kidogo.

Mzee mmoja mkimbizi wa Burundi alikuja wiki iliyofuata. Koti kubwa, kiatu kimoja kimefungwa kwa waya, hedifoni kubwa shingoni.

"Shikamoo mzee," tukasema kwa pamoja, kwa ile sauti ya watoto wanaotafuta kitu cha kuchezea.

"Marahaba, wanangu."

Alimweleza dada shida yake. Alikuwa ametoka kambini kwa kibali cha siku tatu kutibiwa sikio, na kesho asubuhi gari linawarudisha wagonjwa wote kutoka hospitali. Simu yake ilianguka ziwani siku walipofika Kagunga, kijiji cha mpakani, wakikimbia, na tangu hapo tundu la hedifoni limekufa. La chaja linafanya kazi. Ndani ya simu mna wimbo wa kwaya yake, yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya, na mkewe anaimba humo. Mkewe alifia palepale Kagunga, kwa kuharisha, wakisubiri meli.

"Sasa utamjuaje mmoja kati ya wote hao?" dada akamuuliza.

Mzee akacheka kidogo. "Anawahi. Kila wimbo anaingia neno moja kabla ya wenzake. Nilimgombeza miaka yote. Sasa nalitafuta lile kosa lake, na spika ya simu hii inawachanganya wote."

Mtu mwenye akili angempa ile nyeupe akanyamaza. Mimi nikatandika kitenge.

Tukaurusha wimbo kwa bluetooth kwenye simu ya dada, maana mtihani wangu ulikuwa na sheria zake. Mzee akavaa hedifoni, akafumba macho. Nikawakonyeza wenzangu. Nikatingisha kitenge.

"Namba moja, mzee."

Akasikiliza, akatikisa kichwa.

Nikatingisha tena, mkono unahangaika humo ndani kama nachinja kuku. "Namba mbili."

Akaibana hedifoni masikioni. Halafu mkono wake ukapanda, kidole juu, kama anaisimamisha kwaya.

"Ndamwumva," akasema.

Mtoto wa Ujiji aliyelelewa na bibi wa Kiha hahitaji mkalimani wa neno hilo. Anamsikia. Machozi yalimtoka, hayakumwaibisha. Nikasema namba tatu, hata hakuisikiliza.

"Mbili, mwanangu. Nipe ya pili."

Nikafunua kitenge taratibu. Bibi Harusi na ile nyeusi zilikuwa zimelala pembeni, hazijachomekwa popote.

"Mzee, ya pili ndiyo ya kwanza. Na ndiyo ya tatu. Sijabadilisha kitu!"

Wenzangu walicheka hadi mmoja akajipigiza kwenye nguzo. "Kasikia jini!" akapiga kelele. "Mzee kaimbiwa na jini!"

Dada alinizaba kofi, akaurudisha wimbo mwanzo, akamwambia, "Baba, wapuuze hawa. Sikiliza tena." Mzee alisikiliza, lakini sasa alikuwa anatuangalia sisi badala ya kufumba macho. Kabla ubeti wa kwanza haujaisha alivua hedifoni.

"Hayumo. Ni mimi nilikuwa namtaka."

Dada akamsogezea ile nyeupe. "Ichukue tu, baba. Bure."

"Hapana, mama. Hicho kitanidanganya." Akatuaga kwa heshima, mmoja mmoja, mimi wa mwisho.

Kesho yake mchana, dada yuko kwenye chakula, nilivaa hedifoni nikapiga ule wimbo kwa ile daki nyeupe. Ubeti wa kwanza hauna kitu, sauti zimeshikana kama ugali. Ubeti wa pili, mwanzo kabisa, mwanamke mmoja akaruka mbele ya wenzake neno zima, akasubiri wamfikie. Niliurudisha mara nne. Nilipotaja namba mbili, wimbo ulikuwa umefika hapo.

Nilikimbia hadi hospitali. Gari lilikuwa limeondoka tangu saa mbili asubuhi, na jina la mzee sikuwa nimeliuliza.

Wimbo ulibaki kwenye simu ya dada, na kwa kuwa ulikuwa na sauti nyingi ulifaa kujaribia. Baada ya wiki chache alikuja kondakta mmoja wa daladala kununua daki. Sikutandika kitenge. Alimchomeka Bibi Harusi, akasikiliza huku anatafuna muwa, halafu akatoa hedifoni sikio moja.

"Oya dogo, kuna mama hapa kawahi. Hakuna mtu wa kumwambia?"

Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka.