Makaa Yangu kwa Treni Isiyo na Moto

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshazoea, maana hata leo nikipita kwenye maduka ya Galerie d'Ixelles hapa Bruxelles kuna kinyozi anayeniita "Papa Makala" (makala kwetu ni makaa), na aibu hiyo nilijinunulia kwa mdomo wangu.

Mchumba wangu ni Clarisse, na baba yake, mzee wa Likasi, mji wa machimbo ya shaba kwetu, asiyecheka ovyo, alikuwa bado hajasema kama familia yangu ije kubisha hodi kuposa au ikae kwao. Siku moja mezani akatusimulia zile treni ndogo za mvuke zilizovuta mawe ya shaba machimboni, nami (sijui shetani gani alinipitia) nikaropoka kwamba babu yangu alikuwa akizichochea moto na mimi najua kuziwasha. Babu yangu aliuza samaki!

"Bon," akasema mzee, "dimanche banaonyesha moja ya mine huku Bruxelles. Utatuwashia." Yaani Jumapili kulikuwa na maonyesho ya treni ya mgodini.

Hapo ningesema, "Papa, nilikuwa natania," yakaisha, lakini wapi, nikaenda madukani barabara ya Chaussée de Wavre nikanunua gunia la makaa ya kuchomea nyama, nikavaa shati jeupe, nikapanda nalo tram pamoja na Clarisse na baba yake, na kufika kituo cha Flagey gunia likatoboka, watu wakaanza kunihama kiti kwa kiti, nami natabasamu.

Tulipofika nikamwomba mzungu anayeitunza treni anipe sepetu, tena kwa sauti, mbele ya watu wote, kisha nikatafuta mlango wa moto: nyuma hakuna, mbele hakuna, nikalala chali chini yake, hakuna.

"Monsieur," akaniambia yule mzungu kwa upole, "hii haina moto."

Kumbe ni tangi tu, hujazwa mvuke kutoka nje kama thermos ya chai, kwa sababu mgodi wake ulikuwa wa makaa ya mawe na cheche moja ingeulipua. Watu wakapiga makofi. Nilitamani ardhi inimeze.

Kurudi kwa tram, mzee akakaa kiti cha pembeni, uso dirishani. Nilijua nimempoteza Clarisse, na moyo uliniuma kweli.

"Babu yako alikuwa anatumika kazi gani?" akauliza mwishowe.

"Alikuwa anauzisha samaki, Papa."

Akalitazama gunia mapajani mwangu.

"Bon. Ambia ba famille yako bakuye na samaki. Makala tuko nayo." Ndivyo familia yangu ilivyoruhusiwa kuja kubisha hodi.

Tangu hapo nimeapa, nikiulizwa nisilolijua nasema sijui, hasa nikiwa na shati jeupe.