Bibi wa Mabawe alivyokataa kula chakula cha mkono wangu

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi.

Humu mimi ni msomaji tu, nacheka kwenye nyuzi za watu kisha nalala. Leo naleta la kwangu na nitalisema lilivyo. Chumvi sitaongeza, maana hata kazini kwangu nimekatazwa kuiongeza.

Mimi ni dada wa Nyamahanga, Biharamulo. Nilisoma kozi ya kuhudumia wagonjwa na wazee majumbani. Wale mnaojiandaa kuandika "si hausigeli tu huyo", tulieni kwanza.

Kaka mmoja anayeishi Mwanza, nimwite Deo, alinitafuta nikamtunze mama yake kule Mabawe, Ngara. Bibi Skola alipata kiharusi. Mkono wa kulia unatetemeka na kutembea mpaka ashikwe, ila akili timamu kabisa. Ni mjane, nyumba yake iko katikati ya migomba na mumewe kazikwa hapo hapo nyuma.

Nilifika na begi langu na kigodoro changu cha sponji, chembamba mpaka unahisi sakafu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba." Akageukia ukuta.

Kuogeshwa alikubali. Kukandwa mkono, sawa. Sasa njoo kwenye chakula!

Namchemshia ndizi na maharage mpaka zinalainika, nafunika sahani vizuri, naiweka mbele yake. Anafunua, anaangalia, anafunika.

"Nimeshiba."

Umeshiba nini bibi wa watu, na tangu asubuhi hujatia kitu mdomoni?

Nikajaribu uji, viazi, dagaa. Wapi! Alikuwa anakula ndizi mbivu tu, tena amenye mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Dawa za presha ndiyo usiseme, anazitemea kwenye kanga. Akiongea na jirani ananiita "huyo wa Biharamulo", na mimi niko palepale.

Mwili ukaanza kwisha, gauni likawa linamning'inia. Deo akipiga simu namwambia ukweli. Siku moja akasema, "Dada, mwisho wa mwezi nakuja kumchukua. Kama huko hali, atakula kwangu."

Bibi aliposikia, alilia. Wakuu, mtu mzima akilia inauma.

"Mkinitoa hapa mtanirudisha kwenye jeneza," akasema. "Mzee wangu nimuache na nani?"

Mimi nikapandwa na hasira. Si ule basi! Nilienda jikoni nikalia na mimi, maana nilikuwa nimeshaanza kumpenda yule bibi na kiburi chake.

Kesho yake jirani, Mama Domi, akaja na kikombe cha uji wa ulezi. Kabla hajampa bibi, akapiga funda moja mwenyewe, akameza, ndipo akamkabidhi. Bibi akanywa mpaka akakomba kikombe.

Nyie! Nilishikwa na wivu kama wa mke mwenza. Nikamfuata Mama Domi mpaka njiani.

"Mama, umemwekea nini kwenye huo uji?"

Alicheka mpaka akashika mgomba.

"Sijaweka kitu, na nimemwonyesha kwamba sijaweka. Huku kwetu mtu akikupa chakula au kinywaji anaonja kwanza mbele yako. Wewe ni mgeni, ukoo wako hatuujui, unamletea sahani imefunikwa, huonji, halafu unaenda kula peke yako jikoni. Unataka afikirie nini?"

Kozini tulifundishwa chakula cha mgonjwa usikiguse, kila mtu na sahani yake. Najiona msafi, kumbe mwenzangu ananiona nina sumu! Labda kwetu wazee walikuwa wanaonja, ila mimi sikukulia nayo.

Mchana huo nikapeleka sahani wazi na vijiko viwili. Nikakaa naye mkekani, nikachota upande mmoja kwa kijiko changu, nikatafuna, nikameza, nikaachama kabisa kama mtoto anayekaguliwa meno.

Bibi akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. Kisha akachukua kijiko chake. Hakumaliza, lakini alikula, na mimi moyoni nilipiga vigelegele.

Nikaleta dawa. Akaniuliza, "Na hizi mbona huonji?"

Jamani! Nimeze dawa ya presha isiyo yangu, nikianguka nani atamwinua mwenzake?

Nikampa pakiti zote. "Bibi, kaa nazo wewe, chini ya mto wako. Zimefungwa kama zilivyotoka hospitali. Mimi nitakukumbusha tu na kukuletea maji." Maji nikayaonja. Kidonge alichokitoa mwenyewe kikashuka bila ugomvi, na toka siku hiyo kanga ikawa safi.

Mwisho wa mwezi Deo akaja na gari. Nilishamwambia kwenye simu kwamba mama anakula sasa, hakuamini, nguo za mama yake akaanza kukunja. Bibi akageukia ukuta.

Nikaandaa chakula, tukakaa wote mkekani. Nikaonja cha bibi kama kawaida. Nilipotaka kuanza kula changu, bibi akaivuta sahani yangu kwake.

Akachota kwa ule mkono wa kulia unaotetemeka. Maharage mengine yakamwagikia kwenye kanga. Akala, akameza, akanisukumia sahani.

"Kula, mwanangu."

Deo amezaliwa nyumba ile, hakuhitaji kuelezwa. Akainuka, akatoka nje. Nikajua amekasirika, nikamfuata.

Nikamkuta anashusha godoro alilokuwa ametandika siti ya nyuma ili mama yake alale njiani.

"Chukua uweke chumbani kwako," akasema. "Lile lako nimeliona, limechoka."

Wakuu, nililia mbele ya gari kama mjinga.

Nilichojifunza: ukiingia nyumba ya mtu kumhudumia, usidhani hakutaki. Uliza kwanza kwao mtu anapewaje kitu. Mimi cheti changu kilinifundisha sahani, hakikunifundisha mkeka.

Naandika hapa bibi ananiita, uji umeiva na hataki kunywa peke yake. Nyie mliowahi kuuguza mtu asiyewataka, alilainika kwa lipi? Na manesi, kama nimekosea kwenye vijiko semeni, ila taratibu, nina moyo mwepesi.