Aliyepigana na Iko

Simu ililia asubuhi nikiwa nahariri tangazo la semina ya ufugaji wa kuku, nimefika mstari wa mwisho palipoandikwa "Chai iko", kalamu imeshainuka kuiua hiyo iko. Alikuwa jirani wa rafiki yangu, hapa hapa Gitega, na sauti yake ilikatika-katika. "Bon, ndugu yangu, mi sijui niseme aje. Mzee haiko tena." Nami, Mungu anisamehe, kabla machozi hayajafika nilikwisha kumsahihisha moyoni: hayupo. Ndiyo kazi yetu hiyo, wasomaji wangu. Inamla mtu hadi pale pa kulilia. Na aliyeniambukiza ugonjwa huo ni marehemu mwenyewe, huyo huyo rafiki yangu.

Alikuwa mhariri wa kujitegemea, jina la adabu la mtu asiye na wa kumtegemea. Alikulia Tanzania, ukimbizini, akarudi na wazazi wake Butihinda, upande wa Muyinga, ana Kiswahili kilichopigwa pasi. Akatukuta sisi na chetu, ambamo iko ni mtumishi wa kazi zote: mtu iko, watoto iko, mvua iko inakuja. Akatangaza vita. Ukimpa hotuba ya harusi uisome tena iko zote zimekwenda, na nusu ya utani wa bwana harusi umekwenda nazo. Mteja akinung'unika anajibiwa, "Mimi nimetoa makosa tu, furaha ni juu yako."

Vita hivyo alivipeleka hata mahali asipoitwa. Muyinga mjini palikuwa na duka la mfanyabiashara mmoja Muislamu, mtu mpole, na juu ya mlango kibao kinasema MCHELE IKO. Rafiki yangu akaingia, akatoa darsa zima la ngeli, na yule mzee wa watu kwa ustaarabu wake akaita fundi wa rangi, kibao kikawa MCHELE UPO. Basi wateja wakaanza kupita wakitazama kwa huruma. Mwisho mama mmoja kutoka Gasorwe, kapu kichwani, akasimama mlangoni akauliza, "Baba, we unauza mchele ao unautafuta?" Alidhani mwenye duka anauita mchele kama mtu anavyomwita jirani: Mchele, upo? Iko ikarudishwa mchana ule ule, na mpaka leo ukitazama vizuri utaona p inachungulia chini ya rangi. Marehemu, kila akienda kwao, aliendelea kununua mchele pale pale, ila akiingia alikuwa anatazama chini.

Msimcheke peke yake. Sisi wahariri wa Gitega tuna chama, na chama hakijasajiliwa mpaka leo kwa sababu katiba yake bado iko kwenye masahihisho. (Iko hiyo ni halali, msiniandikie.) Tumekwama sentensi ya kwanza: ni "Sisi wahariri" au "Sisi, wahariri"? Waliotaka mkato na wasioutaka walikuwa wanakaa meza mbili tofauti za mgahawa mmoja, na marehemu, kiongozi wa mkato, aliwahi kukataa maandazi yaliyotoka meza ya pili. Watu wanatuletea kazi zao wakisema "nipitishie macho tu haraka haraka", na sisi tunawarudishia maneno yaliyooshwa mpaka mama zao wasiyatambue. Tunaita hiyo lugha safi. Safi kweli, kama sahani isiyo na chakula.

Tulimzika Butihinda, kwenye kilima cha wazazi wake. Seremala alileta msalaba, jina limeshapakwa, chini yake kuna nafasi ya maneno machache, na mjane akatuomba sisi marafiki wa kalamu tuyatoe. Yoo, angejua! Mmoja akasema, "Hapa amelala." Wa pili akasema maiti hajilazi, hulazwa. Wa tatu akataka "Hapa ndipo alipopumzishwa", na wa nne akadai mkato baada ya Hapa, kwa heshima ya marehemu. Padri anatazama mawingu. Seremala, brashi mkononi, akasema taratibu, "Wakubwa, rangi iko inakauka." Wawili wetu tukageuka kumsahihisha.

Hapo mjane akaja. Ni mzaliwa wa Gitega, mwanamke wa maneno machache, na macho yake yalikuwa yamevimba. "Nyinyi iko munabishana, na mtu iko anangoja kuzikwa. Andika: Iko hapa."

Mwenzetu mmoja akakohoa. "Mais, lakini mama, marehemu mwenyewe asingekubali neno hilo..."

"Ule wa kwenu, ndiyo, asingekubali," akasema. "Ule ni wa kazi. Wangu akifika ku mlango anavua viatu, ananiita: 'Mama watoto, mi iko hapa.' Kila siku. Sasa watoto wakiuliza baba iko wapi, mi nitawasomea nini? Alipopumzishwa?"

Seremala hakungoja uamuzi wa kamati. Aliandika IKO HAPA kwa herufi kubwa, zimeinama kidogo kulia, na wahariri wanne tukazitazama bila hata mmoja kugusa mfuko wa kalamu. Nililia pale, kwa sauti, na nadhani nililia vibaya pia, hakuna aliyenisahihisha. Nilimwonea uchungu, na nilimwonea wivu, maana kumbe mwenzangu alikuwa na mahali pa kuiweka kazi chini pamoja na viatu.

Somo langu ni dogo. Neno la mtu ni mlango wa nyumba yake, na mhariri naye ni mgeni kama wageni wengine, apige hodi kabla hajaanza kuhamisha viti. Iko bado naziondoa, kazi ni kazi, ila sasa nauliza kwanza. Lile tangazo la kuku nalo nilirudi nikalimaliza. Nikasoma mstari wa mwisho kwa sauti, peke yangu mezani: Chai iko. Nikaiacha.