Cherehani ya Mama na Mafuta ya Nazi

Sisi tuliokulia Kiponda, Mji Mkongwe wa Unguja, miaka ile ya mwanzo baada ya Mapinduzi, asubuhi skuli na jioni chuoni kusoma msahafu, hatukuwa na televisheni ya kutushangaza. Tulishangaa vitu vya nyumbani. Kwangu mimi hakukuwa na kitu cha ajabu kuliko cherehani ya mama. Ilikuwa ya mkono, nyeusi tii, yenye maua ya dhahabu yaliyofutika pale mama alipozoea kuegemeza kiganja. Ilikaa ukumbini chini ya dirisha, imefunikwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe, na mgeni akiingia aliipisha kwa adabu kama anampisha mtu mzima. Msichana wa leo akikuta kitu namna hiyo atakipiga picha kwanza, kisha aulize kinachomekwa wapi.

Mtaani petu cherehani ilikuwa hiyo moja. Baba alikwisha fariki, na mama akatulea kwa sindano, mimi na dada yangu Rukia. Sare za skuli, kanzu za Idi, foronya, magauni ya harusi, vyote vilipita mikononi mwake. Mlio wa cherehani ndio uliotuamsha asubuhi, pamoja na harufu ya maandazi ya iliki. Ukikatika mchana tulijua mama anasali.

Mwaka aliochumbiwa Rukia vitu vilikuwa adimu madukani. Kichupa cha mafuta ya cherehani kilikwisha na kingine hakikupatikana, cherehani ikaanza kulia. Nilikuwa na miaka tisa, na roho iliniuma kuisikia. Siku moja mama ametoka kwenda msibani, nikachukua chupa ya mafuta ya nazi tuliyokuwa tukipaka nywele, nikatia kila tundu nililoliona, nikafuta vizuri. Mafuta si mafuta? Mama aliporudi akazungusha, ikaenda laini, haitoi hata sauti. "Alhamdulillahi," akasema, "imepata nafuu yenyewe." Mimi kichwa kimevimba, nishajiona fundi.

Kisha kikaingia kipupwe. Wenzangu mnakijua kipupwe cha kwetu. Maji ya kuoga asubuhi yanang'ata, na mafuta ya nazi yanaganda chupani, meupe kama samli, mpaka uyaanike juani ndipo yatoke. Nilikuwa nikiyaona hivyo kila mwaka. Haikunijia akilini kabisa kwamba ndani ya cherehani nako yangeganda.

Asubuhi moja, zimebaki siku sita Rukia aolewe, mama alishika mkono wa gurudumu na gurudumu halikwenda. Akasukuma kwa nguvu, wapi. Mezani lilikuwapo gauni la Rukia, satini ya rangi ya waridi aliyoitafuta kwa miezi, limeshakatwa vipande tayari kushonwa. Satini nyingine isingepatikana mji mzima. Fundi wa kutengeneza cherehani, aliyekuwa akija na mkoba wake mara moja kwa mwaka, alikuwa amehamia Mombasa na wanawe. Rukia aliingia chumbani akajifunika shuka gubigubi. Mama alisimama, mkono kiunoni, akaitazama mashine yake kwa muda mrefu.

"Basi ntaifungua mwenyewe," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Kuifungua! Fundi alipokuwa akiifungua sisi tulifukuzwa ukumbini, na mama mwenyewe alikuwa akichungulia kutoka jikoni tu.

Alitandika kanga yake ya zamani juu ya mkeka, kanga yenye jina refu la maneno ya kumpiga kijembe jirani fulani, ambalo sitaliandika hapa kwa kuwa watoto wake bado wapo. Akalinyoosha lile jina mbele yake, kisha akaniita.

"Naam, mama."

"Kaa hapa. Kila skurubu nnayoitoa nnaiweka juu ya herufi moja, kwa zamu yake. Paka asipite, upepo usipite, na wewe usiguse."

Bisibisi yake ilikuwa kisu kilichokatika ncha. Kifuniko cha kwanza kilipotoka, harufu ikapanda. Mama akanusa. Akanusa tena.

"Nazi," akasema, akanigeukia.

Sikungoja kuulizwa. Niliangua kilio nikasema yote, huku nikisubiri kofi. Mama alinitazama.

"Ulitaka isilie?"

"Ndiyo, mama."

"Haya, futa machozi. Machozi yana chumvi, na chuma hakitaki chumvi."

Basi nikafuta, nikainua uso, nikaona ndani. Mpaka leo sijui nieleze vipi. Kulikuwa na vyuma vyembamba vilivyolala kimoja juu ya kingine, magurudumu madogo yenye meno yaliyong'atana, na kikopo cha bobini, kile kinachobeba uzi wa chini, kilichong'ara kama kipini cha pua. Mama alipokisukuma kitu kimoja kwa kidole, vingine vinne vilijaribu kuitika, mbali kabisa na pale alipogusa. Haya yote yalikuwa yakifanya kazi kila siku, mimi nimekaa pembeni nikila ubuyu, ili itoke nukta moja ya uzi isiyofika hata punje ya mchele! Nilishika mdomo. Nilihisi kama nimeingia nyumba ya watu bila kupiga hodi.

Chini ya yale meno yanayosukuma kitambaa kulikuwa na vumbi la nyuzi lililogandamana na mafuta yangu. Kumbe fundi na mkoba wake wote hakuwa akifika kule. Mama alilitoa kwa unyoya wa kuku, tabaka kwa tabaka, na kila tabaka lilikuwa na rangi yake. Buluu ya sare zetu. Nyekundu ya magauni ya Idi. Chini kabisa kulikuwa na nyuzi nyeupe. Mama alizisugua baina ya vidole viwili, akasema taratibu, "Hizi za kanzu ya babako." Hakuzitupa. Alizifunga kwenye pindo la kanga aliyoivaa, akaendelea na kazi.

Vyuma vyote akaviosha kwa mafuta ya taa, akavianika juu ya sinia. Mimi nikatumwa mtaa wa Mkunazini kwa mzee mmoja fundi saa, na kichupa kitupu cha wanja.

"Shikamoo, babu. Mama anaomba mafuta kidogo."

"Marahaba. Mamako ana saa ngapi hata atake kichupa kizima?"

Nilipomweleza, aliacha kucheka akanijazia. Nilirudi nimekishika kwa mikono miwili.

Kurudisha ndiko kulikotutoa jasho. "Nipe ya mwisho," mama akasema. Nikampa. Skurubu ikagoma. "Nipe inayofuata." Nayo ikagoma. Ya tatu ilikuwa nene, tundu jembamba. Kule chumbani Rukia akasikika anapiga kwikwi. Mama akaiweka chini skurubu, akafumba macho. Nilijua nimeiua cherehani, na harusi nimeiharibu.

Kisha akafumbua. "We mtoto, hebu nioneshe. Mwisho wako wewe uko wapi?"

Nikamwonesha kulia, kwenye herufi ya mwisho ya jina, kama tulivyofundishwa skuli.

"Mwisho wangu mimi uko kushoto!"

Mama hakusoma skuli. Alisoma msahafu tu, na anayesoma msahafu huanzia kulia. Skurubu ya kwanza aliiweka pale ambapo mimi niliona ndipo maneno yanapoishia, nami nilipokuwa nikiikodolea cherehani macho sikuutazama mkono wake. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, nami nikacheka, na Rukia akatoka chumbani macho mekundu kuuliza kuna nini. Tukaanzia upya kutoka kushoto, na kila skurubu ikaingia tundu lake bila ubishi. Mafuta ya fundi saa yakatiwa tone tone kwa ncha ya unyoya. Mama akasema bismillahi, akashika mkono wa gurudumu.

Ikaenda. Sijasikia sauti tamu kama ile. Rukia aliolewa ndani ya satini yake, na kila aliyemsifu nilitamani nimwambie kilichopita.

Siku hizi wajukuu wangu wana mashine za umeme. Zikikwama wanazisogeza pembeni wakanunua nyingine, na ukiwauliza kilichomo ndani wanakutazama kama umeuliza kilichomo mwezini. Nawatania, nao wananitania. Lakini si hilo linalonikaa moyoni.

Mama alipokuwa mtu mzima sana nilimwambia kwamba sijapata kuona mtu aliyeijua kazi kama yeye siku ile. Akanishangaa.

"Nijue wapi? Nlikuwa naogopa hata kupumua. Lakini ningesema siwezi, mngelia nyote wawili, na mimi ningelia nanyi."

Nilihesabu mimi nina umri gani sasa, na yeye alikuwa na umri gani siku ile. Alikuwa mdogo kuliko binti yangu wa mwisho. Wazazi wetu waliogopa peke yao, sisi tukalala usingizi. Leo watoto wetu tunawasimulia kila tunachokiogopa, na tunakuita kusema ukweli. Sijui wao wanalala vipi.