Mama Aliyekataa Kukodisha Jina Lake

Mama aliyekuwa akiniuzia chumvi na sabuni hapa mtaani kwetu, komini ya Kisangani, amefariki. Nimemlilia, sifichi. Sasa nimekasirika, na hilo pia sifichi. Alizaliwa Yanonge, kwa wavuvi, akaanza kwa kuuza samaki wa chumvi mbele ya mlango wa mtu hadi akapata mlango wake mwenyewe. Ukinunua mchele kwake, kopo lilijazwa mpaka likamwagika, kisha ikafuata konzi ya matabishi, ile nyongeza ambayo mnunuzi wa mji huu haiombi, anaidai.

Sheria yetu inawaachia raia biashara ndogo ya rejareja. Watu wamepata njia ya kuizunguka: mgeni anakodi jina la Mkongomani, jina hilo linaandikwa kwenye patenti, ile leseni ya duka dogo, na mgeni mwenyewe anakaa kaunta. Siku moja nikiwa dukani, mjumbe wa mfanyabiashara mmoja alimletea mama ombi hilo. Angelipwa kila mwezi bila kubeba gunia.

— Mama, iko jina tu, alibembeleza.

— Jina tu? Donc miye nitaikala ku mulango sawa kalandrie ya ku kikuta, na mwenye kuuzisha iko mutu mwingine? Bon. Siku batu ya leta, ba serikali, wanakuya, watakamata nani? Jina yangu iko ya papa yangu. Ende umwambie vile.

Jirani wa ng'ambo ya barabara alikubali. Duka likafunguliwa kwa jina lake, bei zikashuka, na wateja wa mama wakavuka barabara. Mama alikonda, lakini hakufunga. Asubuhi moja jirani huyo alikuja kwake kununua sukari, kwani katika duka lenye jina lake haruhusiwi hata kupita nyuma ya kaunta. Mama alimpimia, akamwongezea matabishi, wala hakumcheka. Niliyecheka ni mimi.

Najua mtaniambia bei nafuu ni neema kwa maskini. Ni kweli, na sina ugomvi na mtu kwa sababu ya pasipoti yake. Mwenye mtaji mkubwa na aje, ajenge kiwanda cha sabuni, atengeneze barabara ya Banalia inayotumalizia magari. Na kama wakubwa wanaona rejareja ifunguliwe kwa wageni, waseme hadharani, tubishane mchana kweupe, wauza chumvi wakiwapo. Kinachonichoma ni kuifungua kimyakimya, jina moja baada ya jingine, halafu tuambiwe eti soko ndilo limeamua.

Juzi, kabla mikeka ya matanga haijakunjwa, mjumbe yuleyule alimwinamia binti wa marehemu na kumnong'oneza ombi lilelile. Binti akasimama, akamjibu kwa sauti iliyosikika hadi barabarani:

— Tonton, mama hakukufa na njala. Kesho tunafungua.

Nchi nzima inaweza kujibu hivyo, ikitaka.