Mgonjwa Wangu wa Mtihani

Ipo Ijumaa moja ya Jeddah ambayo siisahau, mwanangu, na ndiyo iliyonijia jana uliposimama na fagio lako mlangoni ukaniambia, "Mama Wambui, mimi chuo nimeacha." Sikukujibu. Nilikuwa na mzee wa kumlisha, na wewe unafanya usafi hapa kituoni, unajua wazee wetu wa hapa Suwaidi, Riyadh, hawangojeshwi chakula. Sasa nimekaa na chai ninayo. Weka fagio chini unisikilize.

Nilikuwa kijana wakati huo, mwepesi wa miguu na wa mdomo. Nilifanya kazi za nyumbani huko Jeddah, mtaa wa Aziziya, kwa madam mmoja aliyeishi na mama yake mzazi. Huyo mzazi tulimwita Mama Kubwa. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, mguuni ana kidonda kisichotaka kupona, na maneno yake, jamani! Chai ikipoa kidogo unaambiwa unataka kumuua. Mimi nilifua, nikapika, nikapiga pasi, na yeye nikamtunza juu ya hayo yote.

Kabla sijapanda ndege nilikuwa nimejiandikisha katika chuo cha jamii kwetu Nakuru, kozi ya kutunza wazee na wagonjwa majumbani. Usikicheke. Madarasa yalikuwa ya mabati na choo kilikuwa ng'ambo ya uwanja, lakini walimu walikuwa walimu kwelikweli. Nafasi ya Jeddah ilinikuta katikati ya masomo. Mwalimu Chebet, Mungu ampe maisha marefu, akakubali niendelee kwa simu. Nilisoma nikipiga pasi, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya sabuni. Mitihani ya kuandika nikaipita yote, ukabaki mmoja tu, wa vitendo.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Mwalimu alitaka anitazame kwa simu, moja kwa moja, nikimhudumia mgonjwa wa kweli: nimtoe kitandani nimweke kitini, nimwoshe miguu, nifunge kidonda. Muhula ukiisha kabla sijafanya hivyo, hakuna cheti, na kozi naianza upya. Sasa wewe unazijua nyumba za huku. Unajua simu ikiinuliwa tu sebuleni watu wanavyoruka. Wanawake wa nyumba ile hawakupigwa picha hata siku ya Idi. Siku niliyofika, madam alinigusia kamera ya simu yangu akatikisa kidole: mafi, hakuna, usithubutu.

Rafiki yangu Njeri, aliyefanya kazi nyumba ya jirani, akanipa akili zake. "Ifiche simu rafuni, mwalimu akuone kwa video ukimhudumia. Mzee yule atajuaje?" Sikuipenda hiyo akili, lakini nyingine sikuwa nayo. Nikajiambia basi, halas, cheti si changu. Nikaingia bafuni nikafungulia maji ili nilie bila kusikika. Niliona nimeandikiwa kufua na kupiga pasi maisha yangu yote.

Ijumaa hiyo ninayokuambia, madam aliniruhusu niende soko la Kandara, mlemle Jeddah, na dereva wa nyumba kununua unga wa ugali. Dereva alikuwa Mkenya mwenzetu, Mzee Barasa, mtu wa Bungoma, aliyekaa Jeddah mpaka Kiarabu chake kikawa cha kugombania bei na kushinda. Akaona macho yangu mekundu, akauliza kulikoni. Nikamwaga yote, hadi zile akili za Njeri. Mzee akasimamisha gari kando ya barabara. Hakufoka. Heri angefoka.

"Binti yangu, kwani wamekataa?"

"Watakataa tu, Mzee. Hawa si wanajulikana?"

"Nimekuuliza kama wamekataa."

"Sijawauliza."

"Kwa hivyo aliyekunyima cheti ni nani? Umejibu kwa mdomo wa watu wengine, kisha unawalilia. Umejikatalia mwenyewe!" Akavua miwani akaifuta kwa shati. "Na hiyo video ya wizi, achana nayo. Utarudishwa Kenya kesho yake. Na hata kama hakuna atakayejua, yule mama anakuachia mwili wake umwoshe. Unaona ni vizuri umfanyie hivyo?"

Nikasema hapana. Tulinunua unga tukarudi, mimi nimeangalia dirishani kwa aibu. Tulipokaribia lango akaniambia jambo moja tu: mguu ni wa Mama Kubwa, basi nianzie kwake.

Alipomaliza kuswali alasiri nikampelekea kahawa na tende moja tu, kwa ajili ya sukari yake. Nikapiga magoti karibu na kiti chake nikamweleza kwa Kiarabu changu cha jikoni. Aliweka kikombe chini. Kisha akauliza kama huyo mwalimu ni mwanamume. Nikamwambia ni mwanamke, mama wa watoto, na atakuwa peke yake, na hakuna kitakachorekodiwa. Mama Kubwa akamwita binti yake kwa sauti ya kuamsha mtaa. Madam akaja mbio akidhani ameanguka.

Walibishana, wee! Madam anasema mafi, mama yake anasema mguu ni wake na atamwonyesha amtakaye. Mimi nimeinamisha kichwa, naliangalia zulia. Mwishowe madam akanigeukia. "Mbona hukuniambia kwamba unasoma?" Nikasema niliogopa angekataa. Akashusha pumzi, akasema, "Simu nitaishika mimi."

Siku ya mtihani Mama Kubwa alijifunika gubigubi, abaya na nikabu, palepale kitandani, ukabaki nje mguu peke yake. Tena alikuwa amejipaka mafuta ya udi, ati mgeni anakuja. Madam akainua simu. Mwalimu Chebet akatusalimia, na kabla sijagusa chochote akaniuliza swali la kwanza, nalo lina alama zake: "Mgonjwa amekubali umhudumie mbele yangu? Nataka nimsikie yeye mwenyewe."

Mwanangu, ungedhani alikuwa nasi garini siku ile. Nikatafsiri. Kutoka ndani ya zile nguo nyeusi ikatoka sauti kubwa: "Ndiyo, amekubali! Yalla, aanze, mguu unapata baridi!" Nilipomtafsiria, Mwalimu alicheka mpaka akapotea kwenye skrini. Nikakumbuka zile akili za Njeri. Ningeanguka hapohapo, kwenye swali la kwanza, na ningestahili kuanguka.

Kazi yenyewe haikunisumbua, mikono ilishazoea. Nikapita. Picha ya cheti ilipotumwa nikamwonyesha Mama Kubwa, akaitazama kwa muda ingawa Kiingereza hakukijua. Siku chache baadaye alikuwa na wageni, na mmoja wao akauliza mtumishi yuko wapi alete chai. Mama Kubwa akamkata kauli. "Huyu si mtumishi. Huyu ni muuguzi wangu. Mguu huu ndio aliofanyia mtihani." Nilikuwa na sinia mkononi. Ilibidi niiweke chini, maana machozi yalikuja bila hodi.

Alipofariki, Mungu amrehemu, madam ndiye aliyekuwa kafili wangu, mdhamini wangu wa kisheria, na ni yeye aliyekubali ikama yangu, kile kibali cha kuishi, ihamishiwe hapa Riyadh, nifanye kazi niliyoisomea. Diploma niliisomea hapa hapa, kwa chuo kilekile cha mabati. Mzee Barasa alirudi zamani Bungoma. Kila Krismasi nampigia kumshukuru, naye hujifanya amesahau, mzee yule, lakini nasikia anavyocheka.

Sasa tuje kwako. Chuo kimekupangia mtihani saa za kazi, nawe unaniambia umeacha kwa sababu bosi atakataa. Umemuuliza? Hukumuuliza. Sitakudanganya, anaweza kukataa kweli, wapo wanaokataa. Akikataa, rudi kwangu, nitazungumza na mwalimu wako mimi mwenyewe tutafute siku nyingine. Lakini neno hapana litoke kwake, lisitoke kwako. Na unapoomba, omba ukiwa umesimama wima, mweleze unasoma nini na kwa nini, usijifichefiche. Cheti chako usikidharau kwa sababu chuo ni kidogo. Mimi kimenilisha, kimenisomeshea watoto, na kimenipa jina mbele za watu.

Mungu akupe ulimi wa adabu na moyo usiotetemeka. Akukutanishe na watu kama wale alionikutanisha nao mimi. Na siku ya mahafali jina lako lisomwe mama yako akiwa mstari wa mbele, apige vigelegele mpaka sauti imkauke. Haya, inuka. Bosi yuko ofisini mpaka adhuhuri. Fagio niachie mimi, nenda ukamuulize.