Posa Niliyoitia Kwenye Bahasha ya Mfuko wa Saruji

Niseme mapema ili mcheke yote kwa mara moja: ni mimi, kwa mkono wangu na cherehani yangu, niliyefanya mwanangu wa mwisho aonekane amekataliwa na wanawake watatu kabla hata hatujakaribishwa vizuri kwa wakwe. Wengine mmeisikia habari hii sokoni Biharamulo ikiwa imeongezwa chumvi (kuna anayesema nilifukuzwa kwa mwiko, uongo mtupu, mwiko ulikuwepo lakini ulikuwa wa ugali). Sasa sikilizeni kutoka kwa mwenye aibu yake.

Mimi shule niliishia darasa la tatu, na hilo silionei haya. Nilianza na cherehani ya kukodi kwenye baraza ya mtu, nikashona kaptula za watoto wa shule, leo nina duka la vifaa vya ujenzi mjini na vibanda vitatu, kimoja Nyabusozi, kimoja Nyakisasa, kimoja Rulenge, ndiyo maana watu wananiita Mzee Misumari na mimi naitika. Vibanda vyote nimeweka wanawake wauze, kwa sababu niliwahi kuweka wanaume wakaninywea bati na misumari mpaka nikabaki na mbao za rafu.

Sasa, simu ninazo, lakini kwenye mzigo mimi nataka karatasi. Simu mtu anakwambia "nilisikia vingine", karatasi haisikii vingine. Kwa hiyo kila mzigo unaokwenda kibandani unakwenda na barua yake, na kila barua na bahasha yake mpya, na kila bahasha inachanwa kichwa siku hiyo hiyo na kutupwa. Siku moja nikamkuta Editha wa Nyakisasa anawashia jiko la mkaa kwa bahasha zangu, kazipanga vizuri kama kuni. Nilikasirika njia nzima kurudi nyumbani, na nilipofika hasira ikageuka akili.

Nikachukua mifuko mitupu ya saruji, nikatoa ile karatasi ya kaki ya ndani, ngumu, haichaniki ovyo. Nikakata, nikashona pembeni kwa cherehani, nikaweka kifungo kimoja cha shati kwenye mfuniko na kingine kwenye tumbo la bahasha, halafu uzi wa kuzungusha kati yake, inafungika bila gundi na inafunguka bila kuchanwa. Mbele nikapiga mistari kumi. Wa kwanza anaandikiwa jina na mahali, akishapokea anaandika pembeni neno la hali ya mzigo, anakata jina lake, linaandikwa la mwingine kwenye mstari unaofuata. Mistari kumi ikiisha unaigeuza nje ndani, kuna mingine kumi. Safari ishirini, bahasha moja! Juu ya mfuniko nikaandika kwa wino mzito, kwa mkono wangu: USITUPE. UKISHASOMA LUDISHA BAHASHA. Miezi minne sikununua bahasha dukani, nikawa natembea mjini kifua mbele kama niliyegundua moto.

Hapo ndipo Deo, mwanangu wa mwisho, fundi umeme, akasema amepata mchumba. Binti anaitwa Jovina, karani wa shule ya sekondari, kwao Bukiriro kule Ngara, na baba yake ni Mwalimu Gervas, mstaafu. Deo alikuwa amemsubiri huyo binti miaka miwili, na alikuwa na hofu, kwa sababu Mwalimu alijulikana: kuna kijana mmoja alishaleta barua ya posa akarudishiwa kwa kuwa haikuwa na tarehe. Tarehe tu!

Nikaandika barua vizuri, tarehe nikaiweka juu na chini. Mke wangu alipoona ninapoitia akashika kiuno.

"Baba Deo, posa unaitia kwenye mfuko wa saruji?"

"Si mfuko. Ni bahasha."

"Hata ingekuwa kanzu. Ngoja niende hapo jirani nikanunue nyeupe."

"Nyeupe inachanwa inatupwa. Acha wale watu wajue binti yao anakuja kwa watu wenye akili."

Na ningekuwa na akili kweli basi ningeshona hata mpya. Lakini niliona mpya haina sifa, haionyeshi kazi yake. Nikachagua ambayo imeshasafiri mara tatu, nikaandika mstari wa nne: Mwalimu Gervas na familia, Bukiriro.

Jambo la pili, kwa desturi baba wa kijana anabaki nyumbani, barua inapelekwa na mshenga na wazee wawili. Mshenga wetu alikuwa Mzee Kagoma, jirani yangu, mtu wa maneno machache. Mimi nikajipachika kwenye ile Noah tuliyokodi, nikasema nitakuwa mmoja wa wasindikizaji, maana nani angewaeleza namna uzi unavyozungushwa? Deo akainama dirishani, akaniambia kwa adabu, "Baba, tafadhali, usiongee sana." Nikamwambia anyamaze.

Bukiriro tulipokelewa vizuri, shikamoo na marahaba mpaka midomo ikachoka. Sebule imejaa, wajomba ukuta huu, babu kwenye kiti cha mkono, akina mama jikoni mlango wazi, na binti kafichwa chumbani. Ajabu ya desturi zetu, mwenye nyumba ni Mwalimu lakini anayepokea barua ni shangazi wa binti. Huyu aliitwa Shangazi Verediana, mwembamba, jicho kali. Kagoma akampa kwa mikono miwili. Shangazi akaitazama mbele, akaitazama nyuma.

"Hii barua mbona ina vifungo? Aliyevuliwa shati yuko wapi?"

Watu wakacheka kidogo, mimi nikafurahi, nikadakia, "Zungusha uzi kushoto, shangazi."

Akazungusha, akafungua, vumbi la saruji likamrukia puani (nilikuwa nimeikung'uta, lakini saruji ni saruji). Akapiga chafya tatu. Halafu badala ya kutoa barua, akarudi kusoma maandishi ya mbele kwa sauti, kwa sababu shangazi anayepokea posa anasoma kila kilichoandikwa, hata nukta.

"Skolastika, Nyabusozi. Amekatwa. Pembeni pameandikwa: nimerudisha, ina kutu."

Wajomba wakageuza shingo.

"Editha, Nyakisasa. Amekatwa. Fupi mno, hawaitaki."

Nikasikia mwiko unaanguka jikoni.

"Winfrida, Rulenge. Amekatwa. Ninayo ya zamani, bado haijaisha." Akashusha bahasha, akamtazama kaka yake. "Halafu sisi."

Mwalimu Gervas akavaa miwani taratibu, akanigeukia. Na hapa, ndugu zangu, ningekuwa nimefungwa mdomo kwa ule uzi wangu tungekuwa salama. Lakini mimi niliona mtu msomi anaulizia uvumbuzi wangu, moyo ukanijaa.

"Mzee, huyu Skolastika ni nani?"

"Huyo ndiye niliyeanza naye, Mwalimu. Hodari sana."

"Na Editha?"

"Alifuata huyo. Winfrida wa tatu. Ninyi ni wa nne, na bado mistari sita iko wazi."

"Ya nini hiyo sita?"

"Ya watakaofuata! Haiishii kwenu. Na ikijaa unaigeuza, unaanza upya."

Kagoma akanifinya paja mpaka leo alama ipo. Mimi nikadhani ananipongeza.

Wajomba wakaanza kuongea Kihangaza kwa haraka. Mimi ni Msubi, nilikuwa nashika neno moja moja, lakini uso wa mtu hauhitaji mkalimani. Shangazi akauliza wazi mbele ya wote, "Kwa hiyo kijana wenu ana kutu, tena ni mfupi?" (Na kweli Deo si mrefu, kachukua kwa mama yake, lakini hapo hapakuwa mahali pa kusema.) Ndipo nikaelewa. Jasho likanitoka ndani ya koti kwenye baridi yote ile ya vilima vya Ngara.

Nikasimama, nikaanza kueleza, misumari, nondo, rangi, vibanda, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozama. Mwalimu akanyoosha mkono, akachukua bahasha, akasoma mfuniko. Akatoa kalamu nyekundu mfukoni (mstaafu, lakini kalamu nyekundu haijastaafu), akazungushia duara.

"Kwanza ni rudisha, siyo ludisha. Pili, umeandika mwenyewe tukishasoma tuirudishe. Shangazi amesoma. Basi mrudishieni bahasha yake."

Mnajua maana yake. Kwao na kwetu, bahasha ya posa ikibaki, mazungumzo yapo. Ikirudi, umekataliwa, nenda nyumbani. Na mimi ndiye niliyeandika irudi, kwa herufi kubwa! Nikamwona Deo kule Biharamulo ameshika simu mkononi anasubiri, miaka miwili yote inaishia kwenye kifungo cha shati. Shangazi akaninyooshea bahasha, mimi nikaficha mikono nyuma kama mtoto anayekataa sindano.

"Subirini! Nampigia Skolastika awaambie mwenyewe!"

Nikapiga, nikaweka sauti kubwa, simu nikaiinua juu wote wasikie.

"Mzee, shikamoo," akasema Skolastika.

"Marahaba. Skolastika, niko na watu hapa. Waambie kile ulichokirudisha."

"Ai, Mzee, tena? Nilishakwambia ile yenye kutu siipokei, hata uje upige magoti!"

Jikoni wakapasuka. Kuna mama mmoja alitoka nje kabisa akashika mgomba ili asianguke. Nikapiga kelele, "Taja ni nini, mama, taja ni nini!"

"Si misumari yako ya bati! Kwani kuna nini huko?"

Babu kwenye kiti cha mkono, ambaye nilidhani amelala, akaanza kutikisika mabega, wajomba wakamfuata, na Shangazi Verediana akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Hata kutoka chumbani nilisikia mtu amezibwa mdomo kwa mto. Nikadhani yamekwisha, nikakaa. Ila Mwalimu hakucheka.

"Mzee mwenzangu," akasema kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kufokewa, "biashara yako nimeielewa, na hii bahasha ina akili, sikatai. Lakini binti yangu hawezi kuwa mstari wa nne chini ya misumari. Unaona mwenyewe jinsi tulivyoandikwa?"

Nikatazama. Nikaliona lile jina la familia yao limekaa chini ya majina yaliyokatwa, linasubiri kukatwa. Nikasema tu, "Nimekosa, Mwalimu. Niruhusu nianze tena."

Akatazamana na dada yake. Shangazi akasema, "Duka lipo hapo barabarani. Nenda wewe mwenyewe, usitume mtu."

Nikatoka na suti yangu, peke yangu, watoto wa kijiji na mama mmoja wa jikoni nyuma yangu. Habari ilikuwa imenitangulia, sijui ilipita njia gani. Mwenye duka, binti mdogo tu, akanisalimia kwa heshima, kisha akauliza, "Wewe ndiye baba wa mistari sita?" Nikamwambia ndiyo, nipe bahasha nyeupe. Akatoa mbili, akasema moja ya akiba. Nilizichukua zote mbili bila kubisha, mimi, mtu wa kupinga bahasha.

Niliporudi mlango ulikuwa umefungwa. Nikabisha hodi. "Nani?" akauliza shangazi kama hajawahi kuniona. Nikajitambulisha upya, jina, ukoo, tumetoka wapi, tumefuata nini. Nikapewa kalamu na ile barua, nikaitia kwenye bahasha mpya, nikaandika jina lao moja katikati ya weupe, hakuna juu, hakuna chini. Kagoma akampa shangazi kwa mikono miwili, shangazi akampitishia kaka yake, na safari hii nilikaa karibu na mlango. Mwalimu akachana juu ya bahasha, nikasikia ile sauti ya karatasi kuchanika na sikusema kitu. Akasoma, akasahihisha makosa mawili, akaikunja pamoja na bahasha yake akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Haikurudi.

Jibu lilichukua wiki mbili, na wiki hizo mbili Deo alinisalimia tu, hakuongeza neno. Likaja limekubali, na mwisho wake, kwa mwandiko wa Mwalimu, kulikuwa na sharti moja zaidi ya mahari: siku ya kuja kupanga harusi, baba wa kijana anakaribishwa sana, ila asemewe na mwingine.

Jovina yuko kwetu sasa, na ndiye aliyezitengeneza bahasha zangu vizuri zaidi: jina linaandikwa kwenye kikaratasi kinachochomekwa chini ya uzi, kikitoka kimetoka, bahasha inabaki safi. Ile ya kwanza niliiacha mezani kule Bukiriro na sikuthubutu kuiulizia. Nasikia shangazi anahifadhia mbegu za maharage humo, na panya wameshindwa.

Kwa hiyo za kazi nitaendelea kuzishona mpaka macho yagome, na sitaki mtu anishauri. Lakini barua ya posa, ya msiba, au ya kumwomba mtu radhi, nakwenda dukani kwa miguu yangu, nanunua nyeupe ambayo haijawahi kwenda kwa mtu mwingine, na atakayeipokea akiichana mbele yangu, aichane tu. Nitanyamaza.